Wenye Pikapu wa Minnesota: Jaribio la Kuwaainisha kwa Matairi Yao

Elimu ya wanyama imezoea kuwagawa mamalia kwa meno. Fuvu likiokotwa nyikani, mtaalamu haulizi jina la marehemu. Anatazama magego na kusema huyu alikula majani, huyu alikula waliokula majani. Makala hii inapendekeza kwamba wenye pikapu wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nao wagawanywe kwa matairi yao. Hadi sasa wamegawanywa kwa vigezo visivyo na msingi wa kitaalamu: Ford na Chevrolet, mpya na kuukuu, foo-wili na isiyo foo-wili, iliyokwisha kulipiwa na inayodaiwa na benki. Vigezo hivyo vinatosha kwa mazungumzo ya harusini. Havisaidii kitu pale gari linapotakiwa kusimama kwenye taa nyekundu mwezi wa Januari.

Nadharia tunayoitetea ni moja: mwenye pikapu hununua tairi kwa ajili ya theluji iliyomo kichwani mwake, si iliyopo barabarani. Mengine yote humu ni ushahidi, isipokuwa pale tutakapokuwa tunasengenya.

Uwanja wa utafiti umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, baridi ya Minnesota haina mzaha. Theluji yaweza kuanza Oktoba na ikaonekana tena Aprili, na wenyeji bado wanaisimulia dhoruba ya Halloween ya mwaka 1991, iliyomwaga zaidi ya sentimita 70 za theluji katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, na zaidi ya sentimita 90 Duluth. Pili, wako huko wasemaji wa Kiswahili wasio haba, Wakenya hasa, watu waliojifunza kuendesha gari kwenye vumbi na kwenye tope, halafu ukubwani wakaletewa kitu cha tatu. Mbinu ya utafiti ni kuinama. Mtafiti huzunguka kwenye maegesho ya makanisa, hospitali na maduka makubwa, akachuchumaa kando ya gurudumu na kusoma maandishi ya ubavuni. Inashauriwa awe na maelezo tayari, maana mtu anayechuchumaa kando ya tairi la mwenziwe alfajiri, amevaa kofia ya kuziba uso, haonekani moja kwa moja kuwa msomi.

Kabla ya matairi, tuiainishe theluji yenyewe. Kwa uchache ziko tano. Ipo Theluji ya Kalenda: nene, kavu, inafika magotini, haijakanyagwa, na nyuma yake pana msonobari. Hii ndiyo ya matangazo ya biashara, ambako pikapu huipasua kwa kasi na kurusha unga mweupe kushoto na kulia, wala haikutani na gari jingine hata moja. Ipo Theluji ya Kushindiliwa, ambayo ni ileile ya Kalenda baada ya wafanyakazi wa zamu ya asubuhi kupita juu yake. Ipo ya Majimaji, ya rangi ya kahawia, iliyochanganyika na chumvi, inayojikusanya kati ya njia moja na nyingine na kuunyakua usukani pale dereva anapohama njia. Ipo Barafu ya Njia Panda: magari husimama, joto lao huyeyusha kidogo, magurudumu yakiondoka huteleza na kusugua, baridi hurudi na kugandisha, ikifika saa tatu asubuhi pale pamesuguliwa vizuri kuliko sakafu ya benki. Na ipo Barafu Nyeusi, ambayo si nyeusi hata kidogo. Haina rangi. Unachokiona ni lami iliyo chini yake, nawe unafurahi kuiona lami. Hupenda kukaa madarajani. Serikali za miji humwaga chumvi, lakini chumvi ya kawaida huanza kushindwa baridi inapokaribia nyuzi 9 chini ya sifuri, na Januari ya Minnesota hupita hapo bila hata kupiga hodi.

Kati ya hizo tano, ile ya Kalenda ndiyo adimu kabisa mjini, kwa sababu magari ya kusukuma theluji hupita usiku watu wakiwa wamelala. Ndiyo hiyohiyo inayouza matairi.

Sasa mnyama mwenyewe. Pikapu iliundwa ibebe mzigo, na wakati wa baridi wengi huiendesha tupu. Ikiwa tupu, asilimia 55 hadi 60 hivi ya uzito wake iko mbele, kwenye injini na dereva na thermosi yake. Magurudumu ya nyuma, ambayo kwa pikapu nyingi ndiyo yanayosukuma gari, hubaki na kazi kubwa na uzito mdogo. Springi za nyuma zilitengenezwa kwa matarajio ya saruji na mbao, zimepewa hewa.

Foo-wili hutibu nusu tu ya maradhi haya. Hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu manne, gari likaondoka bila kutapatapa, na dereva akajenga imani. Lakini haihusiani na kusimama, kwa kuwa kila gari, hata kile kigari kinachobeba pizza, hupiga breki kwa magurudumu manne. Tufanye hesabu ya darasani. Gari liko kwenye kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.7, tangu breki iume hadi gari lisimame ni mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, tuseme msuguano ni 0.25, ni mita 39. Kwenye barafu ya 0.1, ni mita 98. Idadi ya difu haiingii popote katika hesabu hiyo, wala nguvu za farasi, wala bei. Kinachoingia ni msuguano, na msuguano ni kazi ya tairi. Ndiyo maana siku ya theluji ya kwanza mtafiti hukuta mtaroni pikapu za foo-wili zenye afya kabisa. Zilifika pale kwa mwendo ambao gari dogo lisingethubutu.

Tukiingia kwenye jamii zenyewe, kubwa kuliko zote ni ya Msimu Wote. Wanajamii hawa hawakuchagua tairi. Walichagua gari, tairi likaja nalo. Ukiwauliza, watakuonyesha ubavuni herufi M+S, zinazotaja tope na theluji, na watakuonyesha kwa kidole, kama mtu anayetoa kibali cha kazi. Kwa bahati mbaya herufi hizo zinaeleza umbo tu. Maana yake ni kwamba mifereji ya tairi hilo inachukua sehemu ya kutosha ya uso wake. Hakuna sharti kwamba limewahi kupelekwa kwenye theluji likaulizwa maswali. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye mpira wenyewe. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na hapo hata theluji bado, mpira wa kawaida huanza kuwa ugali uliolala: umbo lipo, lakini haubonyei. Na tairi hushika njia kwa kubonyea, kwa vipande vyake vidogo kujipinda na kuingia kwenye mikwaruzo ya barabara. Lisipobonyea, linaelea juu juu tu.

Ndani ya jamii hii pana kijamii cha Vipara. Marekani wana utaratibu wa kupima kina cha meno kwa sarafu: unaipenyeza senti moja kwenye mfereji, kichwa cha Rais Lincoln kikiwa chini, na ukiziona nywele zake zote basi umebakiwa na milimita 1.6 au pungufu, tairi hilo limekwisha. Walio waangalifu zaidi hutumia robo dola, yenye kichwa cha Washington, inayodai angalau milimita 3.2. Mwenye kipara hukataa vipimo vyote viwili. Hoja yake ni kwamba alishatoka Eldoret hadi Malaba na matairi mabaya zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi tunaiweka kwenye kumbukumbu.

Jamii ya pili inastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndiyo nadharia yetu ikitembea kwa magurudumu. Hawa ni watu wa Tairi la Tope. Tairi hili ni refu, pana, lina meno makubwa yaliyoachana, na likiwa kwenye lami huimba kiasi kwamba redio huongezwa sauti. Mwenyewe hulisimamia kwa mantiki safi: tope ni gumu kuliko theluji, tairi hili linashinda tope, kwa hiyo linashinda theluji. Kwenye Theluji ya Kalenda yuko sahihi kabisa. Meno yale huchimba, hutapika theluji, huchimba tena. Ila kwenye theluji ya kushindiliwa, na hasa kwenye barafu, mambo hugeuka. Theluji hupenda theluji: tairi zuri la baridi hujaza mifereji yake myembamba kwa theluji na kuiacha ishikane na theluji ya chini. Tairi la tope linaitapika yote, maana ndivyo lilivyofunzwa. Kisha kila jino lake ni bonge zima lisilo na mikato midogo, kwa hiyo kwenye barafu hakuna kingo za kuuma. Kinachobaki ni mabonge machache magumu yanayopita juu ya kioo.

Liongezwe na hili, ambalo wengi hulisahau. Matairi mengi ya aina hii hutengenezwa kwa mzigo mzito, yana kuta nene, na ubavuni yameandikwa kwamba yanaweza kujazwa upepo hadi psi 80. Mwenye pikapu tupu akisoma 80 anaona ni amri. Anajaza. Tairi linavimba, linakanyaga kwa katikati tu, na sehemu inayogusa barabara inapungua pale ilipohitajika kuongezeka. Upepo wa kufuatwa umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mahali ambapo mwanajamii huyu ameweka stika ya klabu ya mpira. Upande wa pili kuna wasiopima kabisa. Nao wajue kwamba upepo hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 na nusu za baridi, hivi kwamba tairi lililokuwa sawasawa Septemba likifika Januari huwa limelegea bila pancha yoyote.

Haki lazima itendeke. Iko nchi ambako watu wa Tairi la Tope wangekuwa wameota kweli. Iceland kuna kampuni ya Arctic Trucks inayozibadilisha Toyota Hilux, pikapu tunayoijua sote, na kuzivika matairi mapana ya inchi 38 hadi 44. Dereva akifika kwenye theluji nene hushuka na kutoa upepo hadi tairi lilale, lisambaze uzito, na gari lipite juu badala ya kuzama. Wenzetu waliokaa Oman hufanya hivyohivyo kwenye mchanga. Mwaka 2007 Hilux za kampuni hiyo zilivuka barafu ya bahari ya Kanada kuelekea ncha ya sumaku ya kaskazini, kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha Top Gear. Mwanajamii wetu ameitazama video hiyo. Yeye anakwenda Walmart.

Jamii ya tatu ni ya Njia Zote, na ndiyo jamii ya watu wenye busara wasiopenda kugombana. Tairi lao lina meno ya wastani yenye mikato, na baadhi ya matairi hayo yana ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1999, hutofautiana na M+S kwa kuwa hutolewa baada ya jaribio: tairi lazima livute kwenye theluji ya kushindiliwa angalau kwa asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Ni jambo la maana. Ila jaribio lenyewe hupima kuondoka tu. Halikuuliza habari za breki, halikuuliza kona, na barafu halikuitembelea. Kwa hiyo tunarudi palepale pa foo-wili: watu wamepewa cheti cha kuondoka. Hata hivyo kama mtu ana pikapu moja, ana shamba, ana barabara ya changarawe, na hana mahali pa kuweka matairi mengine manne, hapa ndipo tungemkalisha, naye asitusikie tukimcheka.

Tunafika kwenye Tairi la Baridi lenyewe, ambalo wanajamii wake ni wachache, wakimya, na wana tabia mbaya ya kufika kazini kwa wakati. Tairi hili halina sura. Ni jembamba, meno yake yamekatwakatwa na mistari myembamba ambayo kwa mbali huonekana ni uchafu. Mistari hiyo ndiyo siri yenyewe. Mwaka 1923 Mmarekani John F. Sipe alipewa hataza ya wazo la kukata mipasuo myembamba kwenye mpira, na inasimuliwa kuwa alikuwa mfanyakazi wa machinjioni aliyechoka kuteleza kwenye sakafu yenye maji, akachanja soli za viatu vyake kwa kisu. Kila mpasuo hufunguka tairi likikanyaga na kuweka ukingo mwingine wa kung'ata. Chini ya mistari kuna mpira laini, wenye silika, usiokubali kulala ugali. Bridgestone walipotoa Blizzak huko Japani mwaka 1988 waliongeza vitundu vidogo vidogo ndani ya mpira, vya kunyonya ule utando wa maji juu ya barafu, maana kinachomtelezesha mtu kwa sehemu kubwa ni huo utando.

Wajapani walikuwa na haraka yao. Misumari ya chuma kwenye matairi ilikuwa ikisaga barabara zao na kujaza vumbi mijini, hadi mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Minnesota nayo imewakataza wakazi wake matairi ya misumari kwa sababu ya kulinda lami, kwa hiyo jamii ya Misumari, ambayo kwenye barafu tupu ingetushinda sote, hapa hupatikana tu kwa wageni wapitao. Tunaitaja na kuendelea.

La kushangaza kuhusu Tairi la Baridi ni kwamba asili yake ni ya malori. Kiwanda cha mpira cha mji wa Nokia, Finland, kilitoa mwaka 1934 tairi linalotambuliwa kuwa la kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi, nalo lilikuwa la lori. La magari madogo, Hakkapeliitta, lilifuata mwaka 1936. Yaani tairi ambalo mwenye pikapu hulikataa kwa madai kwamba ni la magari ya akina mama wapeleka watoto shule lilianza likibeba mzigo, na magari madogo yaliliazima. Tumejaribu kumweleza hilo mtu wa Tairi la Tope. Alitujibu kwamba Finland ni mbali.

Wapo pia Wawili-Wawili, ambao wamesikia ushauri wote huu na wakaulipia nusu. Wananunua matairi mawili ya baridi na kuyafunga nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko gari linakosukumwa. Gari sasa linaondoka vizuri ajabu, likifika kwenye kona mbele inakataa kukata, inakwenda moja kwa moja kumsalimia mwenye nyumba ya pembeni. Wengine, kwa kuwa wana foo-wili, huyafunga mbele. Hao wakigusa breki nyuma ya gari hutaka kutangulia. Fundi mwenye dhamiri hukataa kazi hii. Fundi asiye nayo huuliza tu kama watalipa taslimu.

Kuna tabia moja inayokata jamii zote, nayo ni mchanga. Madukani huuzwa mifuko mirefu ya mchanga ya kilo 27 hivi, na wenye pikapu huipanga nyuma. Mzee mmoja wa Kisii, aliyekuwa akisafirisha ndizi kwa pikapu kabla ya kuhamia kwa wanawe, alikutwa na mtafiti akiifunga kwa kamba.

"Shikamoo, mzee. Unajenga?"

"Marahaba. Sijengi, kijana wangu. Gari tupu halina adabu. Nyumbani nilikuwa naipakia ndizi. Hapa ndizi ziko wapi?"

Mzee alikuwa ameipanga juu ya ekseli, mahali pake hasa. Wengi huitupa kwenye mlango wa nyuma, na huko uzito huinua pua ya gari na kuyanyima magurudumu ya mbele uwezo wa kukata kona. Wengine hawaifungi kabisa. Gari likigonga, mchanga huendelea na safari. Na wote, pamoja na mzee, wafahamu kwamba mchanga husaidia kuondoka na kutulia kwenye kona, ila haufupishi breki. Alipoambiwa hivyo, mzee alionyesha matairi yake. Yalikuwa ya baridi, yote manne. Hakusema neno, akaendelea kufunga kamba.

Limebaki swali la gharama ya matairi ya baridi, ambalo kila jamii hulitumia kama ngao. Matairi manne ya pikapu ni fedha nyingi, hilo halina ubishi. Lakini wakati seti moja inatembea nyingine imelala, kwa hiyo zote mbili huishi muda mrefu zaidi. Hasara halisi ni rimu za ziada na mahali pa kuhifadhi. Hapo ndipo ndoa huingia kwenye sayansi. Anayekaa ghorofani huyapanga kwenye baraza, jirani wakadhani amefungua duka la pancha, na mkewe akauliza kila wiki yataondoka lini. Kuyaacha kwenye gari mwaka mzima si suluhisho, maana kwenye lami ya Julai mpira ule laini huliwa haraka.

Jamii tuliyoshindwa kuiainisha ni ya watoto wa wenye pikapu hawa, waliozaliwa au kukulia huko. Hawa walifundishwa kuendesha kwenye maegesho matupu yenye theluji, wakiambiwa walitelezeshe gari kwa makusudi ili walizoee. Hawana imani na pikapu wala hawaidharau. Mtafiti alishuhudia binti mmoja, mwenye kigari kidogo chenye matairi ya baridi, akimpitia baba yake kando ya barabara ya 610. Pikapu ya baba, foo-wili, meno makubwa, imara kabisa, ilikuwa imelala mtaroni ikisubiri gari la kuvuta.

"Baba, si nilikwambia ubadilishe hayo matairi?"

"Ulinambia, mama. Twende."

Akaingia, akafunga mkanda. Walipofika njia panda kigari kikasimama kilipotakiwa kusimama, bila kelele. Baba akatazama mbele, akatazama barafu, akatazama dashibodi.

"Ni kazuri," alisema. "Lakini hakana sura."